Peugeot 504: jinsi ya kulijua gari lililo mbele yako kabla ya kulinunua au kulifungua

Ukienda kutafuta kipuri cha 504, swali la kwanza la muuzaji makini ni "Ya aina gani?" Ukimjibu "ya 1978" bado hujajibu. Chini ya jina hilo moja zilitoka injini za petroli za silinda nne za ukubwa tofauti, dizeli tatu, ekseli za nyuma za aina mbili zisizoingiliana, na magari yaliyofungwa katika nchi ambazo kila moja ilichanganya vitu kwa namna yake. Nyingi kati ya zilizobaki zimeshabadilishiwa injini, gia boksi au ekseli nzima. Kwa hiyo kadi ya gari ni mahali pa kuanzia tu. Gari lenyewe ndilo lisomwe, na mwongozo huu unaeleza namna ya kulisoma, kulikagua, na kazi za mwanzo za kulifanya litembee bila kukusumbua.

Historia unayoihitaji ukiwa na spana mkononi

504 ilionyeshwa kwa umma katika Maonesho ya Magari ya Paris, vuli ya 1968. Ilikuwa itoke mapema zaidi, lakini migomo iliyoikumba Ufaransa kuanzia Mei mwaka huo ikaisogeza mbele. Umbo lilichorwa katika studio ya usanifu ya Pininfarina na Aldo Brovarone: taa za mbele zenye umbo la trapeza, na buti ambalo mfuniko wake unavunjika katikati na kuteremka. Ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969.

Mwanzoni injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 1796, yenye kabureta au yenye sindano za mafuta za kampuni ya Kugelfischer. Kuanzia modeli za mwaka 1971 ikaja ya sentimita za ujazo 1971, ambayo ndiyo utakayoikuta mara nyingi zaidi. Stesheni wagoni ilifuata 1971 ikiwa na wilbesi (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ndefu zaidi, mita 2.90 badala ya 2.74 za saluni. Mwaka 1973 ikatoka 504 L, toleo la bei nafuu lenye ekseli ngumu nyuma. Pikapu ilikuja 1979. Saluni ilikoma kutengenezwa Ufaransa 1983, lakini ikaendelea kwingine: Argentina hadi 1999, Mombasa hadi 2004, na Kaduna nchini Nigeria, ambako ufungaji ulianza 1975, hadi katikati ya miaka ya 2000.

Ndiyo maana mwaka pekee hausemi kitu. Gari la Mombasa la miaka ya 1990 na la kiwanda cha Sochaux, Ufaransa, la 1970 ni ndugu wa damu, lakini huwezi kuagiza vipuri vya moja kwa kitabu cha lingine. Sifa ya ugumu nayo haikutokana na matangazo: saluni ya 504 ilishinda Safari Rally ya 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na kupe ya V6 ikarudia 1978 chini ya Jean-Pierre Nicolas. Hilo lisikudanganye ukaacha kukagua. Gari lililoshinda lilikuwa na kikosi cha mafundi nyuma yake, na hilo unaloliona uwanjani huenda halijabadilishwa kulanti (maji ya rejeta yenye kizuia kutu) kwa miaka kumi.

Kulitambua: anza na namba, malizia chini ya gari

Fungua boneti. Tafuta bati la kiwanda lenye aina na namba ya gari, kisha tafuta namba hiyohiyo ikiwa imegongwa kwenye bodi yenyewe. Sugua rangi taratibu kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Usitumie msasa, unafuta ushahidi. Namba mbili zikitofautiana, au bati likiwa limeshikizwa kwa skrubu mpya badala ya ribiti, simama hapo kwanza. Pengine ni bodi iliyobadilishwa kihalali baada ya ajali, pengine siyo, na hilo lijulikane kabla ya mambo ya injini.

Kisha soma herufi zilizogongwa kwenye bloki:

- XM: petroli, sentimita za ujazo 1796, pistoni ya milimita 84.
- XN1: petroli ya kabureta, sentimita za ujazo 1971, pistoni ya milimita 88.
- XD88: dizeli, sentimita za ujazo 1948.
- XD90: dizeli, 2112, pistoni ya milimita 90.
- XD2: dizeli, 2304, pistoni ya milimita 94.

XM na XN1 zinafanana kwa nje kiasi cha kumchanganya fundi mzoefu. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 81, na tofauti yote iko kwenye upana wa silivu, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hutembea. Hapo ndipo pesa hupotea: gasketi ya hedi ya XM ikiwekwa kwenye XN1, ukingo wake unaingia ndani ya silinda, unaungua, na baada ya siku chache injini inaanza kupitisha mgandamizo kwenye maji. Kama injini ilishafunguliwa zamani, usiamini hata herufi za bloki, kwa kuwa silivu na pistoni hubadilishwa kama seti. Pima upana wa silinda hedi ikitoka, ndipo ununue gasketi.

Sasa lala chini nyuma ya gari utazame ekseli. Alama za mlangoni na butini zisahau. GL, L, GR na nyinginezo zimehamishwa kutoka buti hadi buti miaka yote hii. Ukiona bomba moja gumu kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu imevimba katikati yake, hiyo ni ekseli ngumu. Ukiona difu imening'inia kwenye bodi peke yake, na shafti mbili fupi zenye buti za mpira zikienda kwenye magurudumu, hiyo ni ya magurudumu yanayojitegemea. Hata kabla ya kulala chini unaweza kukisia: gari la aina ya pili likipakia watu wanne, magurudumu ya nyuma huinama kwa ndani juu. Ekseli ngumu haiinamishi magurudumu yake.

Tofauti hii inagusa karibu kila kitu cha nyuma: springi, shokapu, bushi, mabomba ya breki, hata namna ya kushusha difu. Saluni za mwanzo zenye magurudumu yanayojitegemea zina diski magurudumu yote manne. 504 L ina ngoma nyuma. Ukikuta ngoma kwenye gari lenye shafti fupi, au diski kwenye ekseli ngumu, andika. Kuna mtu alichanganya, na vipuri vyako vitafuata mchanganyiko wake.

Kuhusu alikotoka, usukani unasema mengi. Nigeria wanaendesha upande wa kulia wa barabara tangu 1972, kwa hiyo gari la Kaduna lina usukani kushoto. La Mombasa lina usukani kulia. Taa nne za mviringo mbele badala ya zile mbili za trapeza zinaonyesha gari lililojengwa kwa soko la Marekani, na bampa zake nazo ni kubwa zaidi. Balbu au vioo vya taa vya njano ni desturi ya Ufaransa ya zamani. Gia kwenye usukani ni dalili ya gari la miaka ya mwanzo. Baadaye zilihamia sakafuni. Vitasa vya milango vilivyotokeza nje ni vya zamani kuliko vile vilivyozama kwenye bati, vilivyoingia nusu ya pili ya miaka ya 1970. Milango hubadilishwa, hivyo angalia yote minne. Ukikuta aina mbili upande mmoja, tafuta alama za ajali nyuma yake.

Kutu: fanya kabla ya kuwasha injini

Injini ya 504 inatengenezeka karibu kila inapoharibika. Bodi ina mwisho. Gari halina chesisi ya kujitegemea. Sakafu na kingo za chini ya milango ndizo zinazobeba uzito, na zikioza gari linakunjika katikati. Jaribio la haraka: inua upande mmoja kwa jeki kwenye sehemu yake halali, kisha fungua na kufunga mlango wa nyuma. Ukikwama wakati ulikuwa unafunga vizuri chini, bodi inalegea.

Chukua tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, na bisibisi. Pita hivi:

Kingo za chini ya milango, ndani na nje, hasa karibu na sehemu za jeki. Sumaku isiposhika, pale kuna bodi fila au nyuzi za plastiki, siyo bati.

Juu ya shokapu za mbele, ndani ya boneti. Mbele ni mfumo wa MacPherson, springi na shokapu zikiwa nguzo moja, na uzito wote wa mbele unasukuma pale. Bati likianza kupasuka au kupanda juu kuzunguka boliti, hapo panahitaji kuunganishwa bati jipya na mtu anayejua, na gari lisiendeshwe mpaka hapo.

Sakafu chini ya mazulia. Inua zulia, usikubali kuambiwa limegandishwa. Kama gari lina paa la kufungua, mwaga kikombe cha maji kwenye kona za mfereji wake na usikilize yanatoka wapi. Mirija ya kutolea maji ikiziba, maji hurudi ndani na kuozesha bodi kutoka upande usioonekana. Hiki ndicho chanzo cha kutu kinachosahaulika kuliko vyote, kwa kuwa paa lenyewe huonekana zima.

Mwisho tazama mahali ambapo kiunzi cha ekseli ya nyuma kinafungwa kwenye bodi, sakafu ya buti, na pembe za chini za kioo cha mbele. Kutu ya chini ya mabawa ya mbele na ya milango ni kazi ya kawaida, isikutishe. Mabawa yanafunguliwa kwa boliti.

Injini: ikague ikiwa baridi

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa bloki. Ikiwa ya moto, ongea mambo mengine mpaka ipoe, au rudi kesho.

Fungua mfuniko wa rejeta. Maji ya kahawia yenye kutu yanakuambia kwamba gari limeendeshwa kwa maji matupu. Kwa injini hii hilo ni zito kuliko kwa nyingi: bloki ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu, na maji yasiyo na kizuia kutu hula aluminiamu kuzunguka matundu ya maji mpaka gasketi haina pa kukaa. Kisha vuta kijiti cha oili. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia kwenye oili, na kwa 504 kuna njia mbili: gasketi ya hedi, au sili za chini za silivu. Njia ya pili ni ghali zaidi kwa sababu lazima silivu zitoke. Usitegemee rangi tu. Injini iliyokaa muda mrefu hutua maji chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwa hiyo legeza boliti ya kutolea oili taratibu, bila kuichomoa, uone kama matone ya kwanza ni maji.

Sasa washa. Tapeti zikigonga kidogo zikiwa baridi, hilo ni jambo la fila geji (kipimo cha nafasi ndogo) na saa moja. Mlio mzito wa chini unaoongezeka ukikanyaga mafuta ukiwa na mzigo ni beringi. Mlio wa mnyororo mbele ya injini, unaosikika zaidi ukiachia mafuta, ni mnyororo wa kamshafti au kikaza chake. Moshi wa bluu ukishuka mlima na kukanyaga tena ni sili za valvu. Ukitoka wakati wote, ni ringi. Pima mgandamizo wa silinda zote nne plagi zote zikiwa nje na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, mwaga kijiko cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Ukipanda ni ringi, usipopanda ni valvu au gasketi.

Ukishika nyaya za plagi kumbuka kwamba Peugeot huhesabu silinda kutoka upande wa flaiwili. Silinda ya kwanza ni ile iliyo karibu na dashibodi, siyo karibu na rejeta. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Mafundi waliozoea magari mengine huanza kuhesabu mbele, na gari linaweza hata kukataa kuwaka baada ya "sevisi".

Subiri feni. Feni ya 504 nyingi haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme kwenye puli, na swichi ya joto huiamuru ishike maji yakifika joto lake. Gari likiwa limesimama na joto likipanda, utaisikia ikishika kwa mlio wa ghafla. Isiposhika, mara nyingi tatizo ni kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku kuchakaa, au waya wa swichi kukatika. Jaribu kupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye waya wa kaboni: feni ikishika, tafuta kwenye swichi, isiposhika, tafuta kwenye kaboni au kwenye nafasi kati ya sumaku na feni. Kuna skrubu tatu za kurekebisha nafasi hiyo, na barabarani zikikazwa mpaka mwisho hufunga feni na puli pamoja ili ufike nyumbani. Ukikuta zimekazwa hivyo kwenye gari unalonunua, feni yake ilikufa na hakuna aliyejishughulisha.

Gia, klachi na chini

Endesha. Gia ya pili ikikwaruza ukirudi kutoka ya tatu kwa haraka, sinkronaiza zake (ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) zimechoka. Kabla ya kuifungua gia boksi, jua iliwekwa oili gani. BA7, ile ya gia nne, hutumia oili ya injini ya multigredi, takriban lita 1.15. Watu wengi huiwekea oili nzito ya difu kwa mazoea. Gia zinakuwa ngumu asubuhi na sinkronaiza hazishiki vizuri. Imwage, weka oili sahihi, endesha wiki moja, kisha ndipo uamue. Difu ya 504 ndiyo inayotaka oili ya gia yenyewe, ya kiwango cha EP. Usizibadilishane.

Klachi iangalie kwa makini zaidi kuliko ungeiangalia kwenye gari jingine. Propela shafti imo ndani ya bomba gumu linalounganisha gia boksi na difu, kwa hiyo gia boksi haitoki kwa kufungua boliti chache. Ni lazima bomba lote lirudishwe nyuma pamoja na difu, au injini itoke mbele. Kwa kuwa kazi ni kubwa, ukiifungua badilisha yote matatu: sahani ya klachi, kikandamizaji na beringi ya kutolea. Kubadilisha sahani pekee ni kuokoa kidogo leo na kuirudia kazi nzima baada ya mwaka.

Kwenye barabara mbaya, sikiliza mgongano wa nyuma ukiachia na kukanyaga mafuta. Unaweza kutoka kwenye bushi za kiunzi cha ekseli, kwenye viungo vya shafti fupi, au kwenye difu yenyewe. Gari likiwa juu ya stendi, shika gurudumu la nyuma na kulitikisa juu na chini, kisha zungusha shafti kwa mkono mbele na nyuma. Buti ya mpira iliyopasuka na kutema grisi ibadilishwe hata kama kiungo hakijagonga; vumbi likiingia, kiungo hakina muda. Mbele tazama boli joint, tairodi na mpira wa steringi raki.

Mwendo wa springi za 504 ni mrefu, na gari zima linapaswa kuwa laini. Bonyeza kona moja: ipande mara moja na kutulia. Ikicheza zaidi ya hapo shokapu zimekwisha. Likiwa gumu kama pikapu, kuna mtu aliweka springi zisizo zake, mara nyingi za stesheni wagoni, ili kubeba mizigo. Utazijua kwa jinsi sehemu ya nyuma inavyosimama juu.

Kazi za kwanza baada ya kulileta nyumbani

Anza na mfumo wa maji. Fungua boliti ya kumwagia iliyo kwenye bloki pia, siyo rejeta peke yake, maana matope hukaa chini ya silivu. Yakikataa kutoka, chokonoa tundu kwa waya. Suuza mpaka maji yawe meupe, toa themostati na uipime kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kuirudisha. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa na kupozwa au ya betri, polepole, bomba la hita likiwa wazi ili hewa itoke. Washa, ngoja themostati ifungue, ongeza. Usiondoe themostati "ili gari lisichemshe". Injini inayokaa baridi inachakaa upesi, na kama inachemsha ikiwa na themostati nzima, kasoro iko kwingine.

Oili ya injini za petroli ni takriban lita 4 pamoja na filta. 20W-50 ya madini inazifaa. Badilisha, endesha kilomita mia chache, kisha badilisha tena, kwa sababu oili ya kwanza itaosha uchafu wa zamani.

Valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.10 za kuingiza na 0.25 za eksozi kwa XM na XN1. Toa tapeti kava na plagi, weka gia ya nne na usukume gari taratibu, au zungusha puli kwa spana. Njia ya Peugeot haihitaji alama yoyote ya flaiwili:

- Valvu ya eksozi ya silinda 1 ikiwa imefunguka kabisa: rekebisha ya kuingiza ya 3 na ya eksozi ya 4.
- Eksozi ya 3 imefunguka: kuingiza ya 4, eksozi ya 2.
- Eksozi ya 4 imefunguka: kuingiza ya 2, eksozi ya 1.
- Eksozi ya 2 imefunguka: kuingiza ya 1, eksozi ya 3.

Tena, silinda 1 ni ya upande wa flaiwili. Fila geji ipite kwa kubana kidogo. Baada ya kukaza nati pima upya, kwa kuwa skrubu husogea nati inapokazwa. Valvu ya eksozi iliyokazwa kupita kiasi haipigi kelele yoyote, inaungua kimyakimya. Gari lisilogonga tapeti hata kidogo likiwa baridi linahitaji kupimwa kwanza. Pointi za distributa ziwe milimita 0.40 na plagi 0.60.

Breki: mwaga mafuta yote ya zamani, usijazie juu ya machafu. Kuna kalipa za watengenezaji zaidi ya mmoja kwenye gari hili, na pedi za moja haziingii kwenye nyingine, kwa hiyo peleka pedi ya zamani dukani. Mpira wa breki uliovimba ndani huonekana mzima kwa nje lakini gurudumu hubaki limeshikwa baada ya kuachia. Ukishika rimu na kukuta moja ni ya moto kuliko nyingine, anza na mpira huo kabla ya kalipa.

Ikibidi kufungua hedi

Hapa ndipo injini nyingi nzima za 504 zimeharibiwa na mafundi wenye nia njema. Silivu hazikugongwa kwa nguvu ndani ya bloki. Zimesimama ndani ya maji, zimekalia sili nyembamba chini, na kinachozishikilia ni hedi peke yake. Hedi ikitoka, zimebaki huru.

Legeza boliti za hedi injini ikiwa baridi, kidogokidogo, kuanzia za pembeni kwenda katikati. Hedi ikigoma kutoka, usiivute moja kwa moja juu: gasketi iliyoganda itanyanyua silivu pamoja nayo. Itikise kwa pembeni mpaka iachie, ndipo uinyanyue. Papo hapo funga silivu kwa vibao vya chuma na washa kwenye matundu ya boliti za hedi, silivu zote nne. Kuanzia hapo krankshafti isizungushwe hata kidogo kabla vibao havijakazwa. Silivu ikipanda nusu milimita tu, sili yake ya chini imehama, uchafu umeingia chini yake, na haitakaa tena. Utarudisha hedi vizuri, injini itawaka vizuri, na wiki ya pili oili itageuka chai ya maziwa. Mwenye gari atalaumu gasketi.

Silivu ikisogea, hakuna mkato: sampu itoke, pistoni zitoke, sili zote ziwekwe mpya, na urefu ambao kila silivu inatokeza juu ya bloki upimwe kwa dayo geji kulingana na kitabu cha injini hiyo. Silivu iliyo chini kuliko jirani zake itapitisha moto hata gasketi iwe nzuri kiasi gani.

Hedi yenyewe ipimwe kwa rula iliyonyooka, kwa urefu na kwa pembe. Angalia jinsi aluminiamu ilivyoliwa kuzunguka matundu ya maji. Yaliyoliwa mpaka chini ya ukingo wa gasketi yajazwe kwa kuchomelea na hedi ichongwe upya. Gundi za bomba hazivumilii joto la pale. Safisha matundu ya boliti kwenye bloki na uyakaushe kabisa, kwa sababu oili iliyobaki chini ya tundu inaweza kupasua bloki boliti ikikazwa. Kaza kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje, na baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa, rudia kukaza kama gasketi uliyonunua inavyoagiza, kisha upime valvu tena kwa kuwa nafasi zimebadilika.

Vipuri vya 505, sindano na dizeli

Peugeot 505, iliyotoka 1979, ilirithi mengi ya 504. Zile zenye XN1 ni chanzo kizuri cha injini na vitu vyake. Lakini 505 za bei ya juu zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1995 yenye kamshafti juu, ambayo haina uhusiano na ya 504. Tofauti unaiona bila kufungua kitu: injini ya petroli ya 504 imelala upande kwa nyuzi 45.

Gari lenye sindano za Kugelfischer ni tamu likiwa zima. Pampu yake ni ya mekanika na inahitaji mtu mwenye vifaa vyake. Ikishachokonolewa ovyo, kurudisha kipimo ni kazi ngumu. Ndiyo maana nyingi zimewekewa kabureta. Ukikuta iliyobadilishwa, hakikisha pampu ya petroli nayo imebadilishwa, kwa sababu ile ya sindano hutoa presha ambayo kabureta haiwezi kuihimili, na petroli itafurika juu ya injini.

Dizeli za XD huwashwa na plagi za joto. Moshi mweupe asubuhi unaopotea baada ya dakika moja mara nyingi ni plagi moja au mbili zilizokufa. Zipime moja moja kwa taa ya majaribio ukizitenganisha na waya wake, kabla hujafikiria pampu. Moshi mweusi ukiwa na mzigo, anza na filta ya hewa na nozeli. Hedi ya dizeli nayo ni ya aluminiamu, na yote yaliyosemwa kuhusu kulanti yanaihusu hata zaidi.